Namba ya siri sikumpa

"Namba ya siri sikumpa, mwanangu."

Shangazi aliniambia hivyo kabla hata sijatua begi. Nilikuwa nimeshuka Muheza jioni, vumbi la safari bado liko usoni, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa sauti ya chini alafu hapohapo akaanza na hiyo sentensi. Akairudia tukiwa tunakula. Akairudia tena wakati wa kulala, mi nimeshaingia kwenye chandarua, yeye kasimama mlangoni na tochi ya simu: lakini namba ya siri kweli sikumpa.

Na alikuwa anasema kweli.

Hicho ndicho kimenikaa kichwani wiki sita sasa. Angekuwa ameitoa ningesikitika, ningemwambia shangazi siku nyingine usirudie, yangeisha. Lakini hakuitoa. Alifanya kile ambacho tumeambiwa wote miaka yote hii, kwenye vibanda vya mawakala, redioni, kwenye meseji, kwamba usimpe mtu namba yako ya siri, na akaibiwa hivyohivyo, namba yake ya siri ikiwa salama kichwani mwake.

Kisa chenyewe

Nitakisimulia kwa ufupi sababu kila ukoo una chake. Jumanne asubuhi, shangazi anamenya viazi, simu ikaita, namba ngeni. Kijana, sauti ya upole, akamwamkia vizuri tu, akamtaja jina, akakitaja na kikundi chao cha vikoba, akajua hata kwamba yeye ni mmoja wa viongozi. Akasema wanasajili vikundi vya akina mama kwenye mfumo ili viweze kuombewa mkopo na vimebaki vikundi viwili tu. Alafu akasema maneno ambayo shangazi anayakumbuka mpaka leo kama yalivyo: mama, mimi sikuombi namba yako ya siri, hiyo usimpe mtu yeyote hata mimi, matapeli ni wengi siku hizi.

Hapo ndipo alipomwamini.

Nimejiuliza sana na naona hata mimi ningemwamini.

Alichoomba kilikuwa kitu kingine. Akasema itaingia meseji ina namba sita, za uthibitisho tu, naomba unisomee. Meseji ikaingia. Shangazi akafuata miwani ndani, akarudi, akasoma moja moja, polepole, na yule kijana akawa anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, mpaka ya sita. Akashukuru. Akamtakia mchana mwema.

Kabla ya adhuhuri akaunti yake ya kuchati ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kwenye grupu la kikundi ikaingia meseji yenye jina lake na picha yake, ile ya kitenge cha bluu aliyopigwa kwenye harusi ya binti yake. Jamani nimepatwa na dharura, mtoto yuko hospitali, mwenye chochote anisaidie kesho narudisha, tumeni kwenye namba hii. Wanawake wanne walituma. Jumla laki tatu na elfu themanini. Mmoja wao muuza vitumbua, alituma elfu hamsini ambayo najua kabisa ilikuwa hela ya unga na mafuta ya wiki nzima. Hakuna aliyepiga simu kuuliza, maana mtu kama yule akikwambia ana shida unauliza nini?

Ufunguo kwenye pindo la kanga

Ili mnielewe inabidi niseme shangazi ni nani kwenye kile kikundi.

Sanduku lao ni la bati, la kijani kilichopauka, lina kufuli tatu. Funguo tatu wanakaa nazo wanawake watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mwanamke wa nne. Alhamisi mchana wanakutana chini ya mwembe, na sanduku halifunguki mpaka wenye funguo wote wawepo na wanachama wote wanaona. Waliowahi kukaa kwenye vikundi hivi wanajua. Namna hii ya kuweka na kukopa ilianzia Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991, shirika la CARE likiwa na akina mama wa vijijini, ikasambaa nchi baada ya nchi, na mpaka leo ukienda vijijini kwetu utalikuta lile sanduku na kufuli zake tatu.

Shangazi amekaa na ufunguo mmoja miaka tisa.

Anaufunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, alafu pindo analichomeka kiunoni. Nimemwona anaenda nao shambani, anaenda nao msibani. Kuna mwaka alilazwa na malaria, kesho yake ndo siku ya kikao, mwenyekiti akaja wodini kumwangalia na katika mazungumzo akasema basi nipe ule ufunguo tusikwame. Mwenyekiti ni rafiki yake tangu wadogo, wamechezwa ngoma pamoja, watoto wao wameoana. Shangazi akakataa. Hakukataa kwa ubaya, alimwambia tu ufunguo huu nimepewa na kikao nitaurudisha kwenye kikao. Wakasogeza kikao wiki moja. Hakuna aliyenuna, na nadhani mwenyekiti angeshangaa zaidi kama angepewa.

Huyo ndiye mtu ambaye ndugu zangu kwenye grupu la ukoo walikuwa wanamwandika kwamba wazee wetu hawa teknolojia imewapita, mara oh anyang'anywe simu kubwa apewe ya tochi.

Mi nilikuwa nasoma zile meseji nimekaa naye kibarazani, nikaizima data.

Baada ya tukio aliuza machungwa yake yakiwa bado mtini, kwa bei ambayo mnunuzi aliitaja mara moja tu akakubaliwa, akawarudishia wale wanne hela yao yote. Alhamisi iliyofuata akaenda kwenye kikao, akalifungua lile fundo mbele yao, akauweka ufunguo juu ya sanduku. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mwenyekiti alimwambia chukua ufunguo wako, akasema hapana, mtu aliyefungua mlango kwa mgeni hafai kushika ufunguo.

Siri ni ya kumpa mtu

Nilirudi Dar nikawa siwezi kuliacha. Nikaanza na neno lenyewe, siri.

Tunalitumiaje? Tunasema nikupe siri. Tunasema huyu ana kifua, maana yake ukimpa siri inakaa, na yule hana kifua. Tunasema siri ya mtungi aijuaye kata, yaani yupo anayeijua, ni yule wa karibu anayeingia mpaka ndani. Na usimwage mtama kwenye kuku wengi, lakini kwenye kuku mmoja unayemwamini? Kwa jinsi tunavyoongea, siri karibu kila mara ina watu wawili. Kumpa mtu siri ni kumheshimu. Bibi akikuita chumbani akakuonyesha hela ya sanda iko chini ya godoro, amekupa siri, na tangu siku hiyo wewe ni mtu mzima nyumbani kwake.

Kwa hiyo namba ikiitwa ya siri, mama mtu mzima asiyeona vizuri anafanya nini? Anampa mjukuu anayemwamini. Anampa wakala aliyemzoea miaka mitano. Nimesimama mara ngapi kwenye foleni ya wakala nikasikia mtu anaitaja kwa sauti, moja tisa saba nne, toa elfu ishirini mwanangu. Watu wanacheka. Mi sioni cha kucheka, anafuata maana ya neno kama alivyolikuta kwa wazazi wake.

Mashine yenyewe ilipotoka haikuwa na habari na mambo ya kifua. Paswedi ya kompyuta tunayoijua ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 pale chuo cha MIT Marekani, kwenye mradi wa Fernando Corbató, sababu kompyuta ilikuwa moja, kubwa, na watu wengi wanaichangia, kila mtu ana mafaili yake na mashine haiwezi kukutambua kwa sura. Ikabidi kila mmoja awe na neno lake. Na mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, alikuwa anataka masaa mengi zaidi ya kutumia mashine kuliko aliyopangiwa, akaiagiza mashine ichapishe faili lenye paswedi za watu wote, ikachapisha. Ni mwanzoni kabisa hapo! Namba ya siri ya tarakimu nne ikaja na mashine za kutolea hela. Mwaka 1967 tawi la benki ya Barclays pale Enfield, London, lilipowekewa mashine yake, John Shepherd-Barron aliyeibuni alikuwa anafikiria tarakimu sita, na mwenyewe amewahi kusimulia kwamba mke wake Caroline alimwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Zikawa nne.

Tarakimu nne ni namba elfu kumi, kuanzia sifuri nne mpaka tisa nne. Basi. Kwa mashine mtu ni hiyo moja kati ya elfu kumi, na yeyote atakayeitaja, mashine itamwitikia kwa jina lako.

Siri tunayoijua sisi ukiivujisha unalaumiwa wewe uliyeivujisha, na aliyekupa anabaki kuwa yeye. Hii ukiitoa, aliyeipata anakuwa wewe.

Sijui kama kuna neno la Kiswahili la kitu cha namna hiyo. Nimetafuta. Nywila nimeiona kwenye habari na kwenye vitabu vya wanafunzi, nenosiri nimelikuta nilipoweka simu kwa Kiswahili, mtaani watu wanasema paswedi, na kwenye hela wote tunasema namba ya siri. Mawili kati ya hayo yana siri ndani yake, mengine mawili ukimtajia shangazi atakuuliza ndo nini.

Lakini hiyo aliitunza

Ikabidi nijirudi hapo. Maana hata nikisema neno siri lina kasoro, shangazi hakuanguka kwenye siri. Huduma ya kutuma hela kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, kwetu mwaka 2008, na tangu hapo wametupigia kelele na hiyo sentensi mpaka imeingia. Usimpe mtu namba ya siri. Shangazi ameishika kama amri. Kelele zimefanya kazi yake, nakiri.

Wezi nao wakasikia kelele zilezile.

Ndo maana yule kijana aliitaja yeye mwenyewe. Alijua uzio umejengwa kuzunguka neno moja, akaonyesha kwa kidole kwamba uzio ule pale mama, mi siugusi, alafu akaingilia upande ambao hauna hata mti. Upande ule unaitwa namba ya uthibitisho.

Nilimwomba shangazi simu nikaitafuta ile meseji. Ilikuwepo bado, hajaifuta, anaogopa kufuta vitu. Mstari wa kwanza namba sita. Mstari wa pili onyo kwamba usimpe mtu yeyote namba hizi.

Onyo lilikuwa kwa Kiingereza.

Shangazi alisoma mpaka darasa la saba na anasoma Kiswahili vizuri kuliko mimi, anasoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa maandazi mpaka yaishe. Nilimtafsiria ule mstari. Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, sasa mbona hawakuniambia?

Sikuwa na jibu la kumpa pale, na lililokuja baadaye lilinichoma, sababu simu ile niliiandaa mimi. Ilipouliza lugha, nilichagua Kiingereza kwa niaba yake, kwa mazoea tu, maana Kiswahili cha kwenye simu mi mwenyewe kilikuwa kinanichanganya, siwezi kujua kitufe kipi ni kipi. Nilimpa simu inayoongea lugha ambayo inanirahisishia mimi nikija kuitengeneza.

Uthibitisho unaonyeshwa

Chukua hilo neno lenyewe sasa. Uthibitisho. Wapi tunakutana nalo?

Ofisini. Lete uthibitisho wa malipo, unatoa risiti. Lete uthibitisho wa makazi, unaenda kwa mtendaji unaandikiwa barua, unaipeleka dirishani. Uthibitisho wa kuzaliwa, wa ndoa, wa kifo, yote ni makaratasi ambayo kazi yake ni kuonyeshwa, na ukikataa kuyaonyesha wewe ndo unaonekana una jambo. Mtu mwenye nia safi hafichi uthibitisho. Mama yangu anazo risiti za ada zangu za sekondari mpaka leo kwenye mfuko wa rambo, siku yoyote mtu akimuuliza anazitoa.

Kwa hiyo kijana wa ofisi, mwenye adabu, aliyekuonya kuhusu matapeli, akikwambia nisomee namba ya uthibitisho, kila kitu ulichofundishwa na kila dirisha ulilowahi kusimama kinakwambia msomee. Jina la kitu ndilo linalokuamuru ukitoe.

Nikawa nauliza watu nikikutana nao, wiki nzima, zile namba sita zinazoingia kwenye meseji wewe unaziitaje? Rafiki yangu wa benki akasema OTP, kifupi cha Kiingereza cha namba ya kutumika mara moja, kwa haraka, kama jina la mdogo wake. Bodaboda wa kijiweni kwetu akasema kodi, ile "code" ya Kiingereza, akasema zile kodi wanazotuma. Neno hilohilo la kodi ya nyumba na kodi ya serikali, na kodi nayo ni kitu cha kulipa, cha kutoa! Dada wa dukani akasema namba ya uthibitisho. Kijana mmoja akasema mi naziita zile namba tu. Mzee wa msikitini kwetu akasema hajui zinaitwaje lakini mwanawe akimpigia akimwambia baba nisomee, humsomea.

Huyo mzee ndiye aliyeniamsha.

Nilimfundisha mimi

Sababu mimi pia ni mtoto wa kupiga simu na kusema nisomee.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namjazia shangazi fomu fulani mtandaoni, mi niko Dar na kompyuta, yeye Muheza na simu. Kila hatua ilikuwa inataka namba. Nakumbuka nilivyokuwa nasema: shangazi itaingia meseji ina namba sita, nisomee. Anavaa miwani, anasoma moja moja, mi naitikia ndiyo shangazi, ndiyo. Akichelewa namhimiza, fanya haraka zinaisha muda, maana zile namba baada ya dakika chache hazifanyi kazi tena. Tulifanya hivyo nadhani mara tano au sita kwa siku tofauti, na mara ya mwisho alishakuwa mwepesi, mi bado sijamaliza kusema yeye anasoma.

Nilimsifu.

Nilimwambia shangazi siku hizi wewe mtaalamu.

Yule kijana hakufanya chochote ambacho mimi sikukifanya. Sauti ya upole, haraka kidogo, nisomee. Alikuta njia imeshalimwa. Nilipoligundua hilo nilikuwa kwenye daladala nimesimama, na nilishuka kituo kisicho changu nikatembea.

Kuna swali lingine la shangazi sikuwahi kulijibu vizuri. Aliniuliza, si tulisajili laini kwa kidole? Anakumbuka foleni zile, mwaka 2019 kuingia 2020, watu wanakimbizana na namba za NIDA, za kitambulisho cha taifa, kabla ya tarehe 20 Januari laini zisizimwe, naye alipanga foleni siku mbili sababu vidole vya mkulima vimesuguliwa na jembe, mashine ilikuwa haivisomi, akawa anapakwa mafuta anajaribu tena. Mwisho kikasoma. Yeye akaelewa kwamba kuanzia pale laini ni kidole chake. Sasa mwingine kaingiaje bila kidole changu?

Kidole kilisajili laini. Ile akaunti ya kuchati inachouliza ni kama laini iko kwako, na njia yake ya kuuliza ni kutuma namba sita kwenye hiyo laini alafu kusubiri zirudi. Zikirudi, haijali zimechapwa na kidole cha nani. Nilimweleza hivyo kwa simu baadaye, akasema, basi walinipaka mafuta bure. Sio bure shangazi, nikasema, lakini sikuweza kuendelea.

Ufunguo

Nadhani ingeitwa ufunguo asingeitoa.

Nimelizungusha hili wazo kwa siku nyingi na kila nikirudi nalikuta palepale. Meseji ingeandikwa, huu ni ufunguo wa akaunti yako, na yule kijana angelazimika kusema mama naomba unisomee ufunguo wako, na huyu ni mwanamke aliyemnyima ufunguo rafiki yake wa tangu utotoni akiwa kitandani na dripu mkononi. Angekata simu. Nina uhakika na hilo kuliko nilivyo na uhakika na mambo mengi.

Rafiki yangu wa benki alinipinga, na alikuwa na hoja. Akasema ufunguo nao watu wanaazimana. Ukisafiri unamwachia jirani. Dada wa kazi anao. Na kwa watu wa kompyuta ufunguo ni kitu kingine tayari, ukianza kuita kila namba ufunguo utawachanganya.

Hiyo ya watu wa kompyuta haikunisumbua, wao wana namna yao ya kuelewana. Ile ya jirani ilinikalia. Ni kweli tunaazimana funguo. Lakini nikimwachia jirani ufunguo, mkono wangu unajua kwamba hauna kitu. Nikirudi naenda kuudai. Najua uko wapi, na usipokuwepo najua. Namba unaitoa alafu bado unayo, unaweza kuigawa kwa watu ishirini na usihisi wepesi wowote mfukoni, na hilo nadhani ndo gumu kuliko yote kumfundisha mtu, sababu mwili haukusaidii. Kwenye fundo la kanga shangazi alikuwa anaupapasa ufunguo hata usingizini. Zile namba sita hazina pa kupapasa.

Kwa hiyo sijui kama neno peke yake lingetosha. Kwake yeye nasema lingetosha.

Nilimpigia nikamwambia hivyo, kwamba shangazi, zile namba ni ufunguo, walikosea jina. Akanyamaza nikadhani simu imekata. Alafu akasema, wangesema.

Alhamisi iliyofuata aliongea kwenye kikao. Sikuwepo, nimeambiwa na binti yake. Alisimama mbele ya lile sanduku akasema jamani zile namba sita zinazoingia kwenye simu ni ufunguo, hata akupigie nani, hata mwanao wa kumzaa, ufunguo hausomwi kwenye simu. Yule mama wa vitumbua akauliza, na tukipigiwa na watu wa mfumo? Akasema hata huo mfumo. Wakamrudishia ufunguo wake wa sanduku siku hiyohiyo, hakuuchukua. Akasema bado.

Juzi nilihitaji kumalizia jambo lake moja mtandaoni, lina tarehe ya mwisho. Niko kazini, nimefungua kompyuta, nimefika pale panapotaka namba, nikampigia. Shangazi shikamoo, itaingia meseji hapo sasa hivi. Akasema marahaba, imeingia. Nikasubiri.

Kimya.

Nikasema shangazi, ni mimi.

Akasema najua ni wewe mwanangu, sauti yako naijua. Njoo.

Nitakuwa muongo nikisema sikukasirika, kwa sekunde chache kabisa niliona masaa ya basi, nauli, ruhusa ya bosi. Zile namba zikaisha muda nikiwa bado nimeshika simu sikioni, ukurasa ukajirudisha mwanzo, na upande wa pili nasikia kuku wake, na yeye anapumua, hasemi kitu, hajakata.

Nimekata tiketi ya Jumamosi.